Mchezo wa redio wa 1938 kuhusu watu wa Mirihi: ni mchezo wa siasa, au nalazimisha?

BintiKorona

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi, maana naona naelekea kuumbuka.

Tuko tisa hapa Tanga. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana barazani kwa mwenzetu mmoja Chumbageni, tunasikiliza mchezo wa sauti mwanzo mpaka mwisho, halafu mtu mmoja anasoma uhakiki wake na wengine wanamchambua mpaka abaki mifupa. Mwezi huu zamu yangu. Mada tuliyojipa ni hadithi za kisayansi na ushawishi wa kisiasa. Mimi nikachagua War of the Worlds ya Orson Welles, ile iliyorushwa na CBS ya Marekani Jumapili usiku, tarehe 30 Oktoba 1938. Kundi zima likacheka. "Dada, hiyo ni ya madude ya Mirihi. Siasa iko wapi?"

Kwa asiyeujua, mchezo unaanza kama kipindi cha usiku cha kawaida kabisa. Hali ya hewa, kisha bendi ya hotelini inapiga dansi. Muziki unakatizwa: milipuko imeonekana kwenye sayari ya Mirihi. Muziki unarudi. Unakatizwa tena. Mwishowe ripota mmoja, Carl Phillips, yuko shambani Grovers Mill, New Jersey, ambako limeanguka dude kama pipa la chuma. Kifuniko kinajizungusha, kinatoka kiumbe, moto unawaka, watu wanapiga mayowe, na Phillips anakatika katikati ya sentensi. Kimya.

Sasa niwaambie nilivyousikiliza, maana hoja yangu yote imetoka hapo.

Nilikuwa jikoni na baba, tunachambua mchicha, simu iko juu ya meza imeungwa na kaspika kadogo. Baba ana miaka sabini na mitatu. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, njia ya Muheza. Korona ilitusomesha sisi na ikamla yeye masikio. Kiingereza anajua maneno yaliyokuwa yamebandikwa kwenye mashine, basi. Phillips alipokatika, baba akaweka mchicha chini, akaigonga simu kwa ukucha.

"Mama, bando limekata?"

Nikamwambia halijakata, ndivyo mchezo ulivyo. Akaitazama ile simu kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu.

Mbele kidogo inatangazwa kuwa wanajeshi elfu saba wamepambana na mashine moja tu ya wavamizi na wamebaki 120. Baada ya hapo analetwa Waziri wa Mambo ya Ndani, moja kwa moja kutoka Washington. Na hapa baba, ambaye hajaelewa neno hata moja tangu tuanze, akanyoosha mgongo.

"Ongeza sauti. Mkubwa anaongea."

Nikamwuliza umejuaje kama ni mkubwa?

"Hana haraka."

Usiku ule nikairudia ile hotuba mara tano, nikaiandika kwenye daftari. Haina habari hata moja ndani yake. Hawafichi wananchi uzito wa jambo, anasema, lakini uzito wenyewe hautaji. Adui yuko eneo dogo. Tuyaamini majeshi (yapi, yale yaliyobaki watu 120?). Tumtegemee Mungu, kila mtu aendelee na kazi yake, taifa liwe moja. Asanteni. Hakuna kimbieni, hakuna jificheni, hakuna barabara ipi imefungwa. Na bado ukiisikia unatulia.

Jambo la pili ndilo hasa linalonikosesha usingizi. Watu wote wanaouzungumzia mchezo huu wanaishia dakika ya arobaini hivi, pale matangazo ya vita yanapokwisha na kituo kinapumzika. Nusu ya pili hawaigusi. Katika nusu hiyo, Profesa Pierson anatembea peke yake nchi ikiwa imeteketea, anafika Newark, anakutana na mwanamume asiye na jina amejificha. Yule bwana ana mpango. Tuishi chini ya ardhi, tuchague watu wenye nguvu, wanyonge hawana kazi, siku moja tutaziteka mashine zao na ule moto wao, tutawapiga wao na tutawapiga binadamu wenzetu pia, wewe na mimi na wachache wetu tutaimiliki dunia. Mwaka 1938 huo! Hii ni siasa tupu, na ni siasa iliyokuwa inatawala nchi nzima nzima Ulaya. Pierson anamsikiliza, kisha anamuaga na kwenda zake. Hakushawishika.

Na baba je? "Huyu nani tena? Mlevi?" Akainuka kwenda kuosha mikono.

Kwa hiyo hoja yangu: mchezo unamweka mshawishi mmoja mwenye kipaza sauti ambaye hasemi kitu na anaaminika, na mwingine mwenye sera kamili lakini hana kituo cha redio, naye anaachwa kichochoroni. Nauliza mambo mawili. Je, nalazimisha? Na la pili, nataka kutengeneza kipande cha dakika kumi kwa Kiswahili cha kuchezea pale barazani. Ule ukimya wa Phillips nitaufanyaje, wakati siku hizi kila mtu akisikia kimya anadhani ni mtandao?

---

Mwl_Kisauni

Dadangu, hujalazimisha. Lakini kabla hujasimama mbele ya hao wanane, toa kabisa ile ngano ya "Marekani nzima ilikimbia usiku ule." Najua hujaiandika. Najua pia itakutoka tu ukianza kuongea, sote hututoka.

Usiku ule kampuni ya Hooper ilikuwa inapigia simu nyumba kama elfu tano kuuliza wanasikiliza nini. Waliosema wanamsikiliza Welles ni asilimia 2. Wengi walikuwa NBC kwa Edgar Bergen, mchekeshaji anayeongea na mwanasesere. Hofu ilikuwepo, watu walipiga simu polisi na magazetini, hilo halina ubishi. Lakini magazeti kesho yake yalilipamba jambo, na yalikuwa na sababu zake, redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara. Mwaka 1940 Hadley Cantril wa Princeton akatoa kitabu chenye hesabu ya zaidi ya watu milioni waliotishika, na hesabu hiyo imepingwa sana na wasomi wa baadaye. Waama, ukitaka kuona watu walioshawishika kweli, tazama wale walioshawishika kuwa kulikuwa na taharuki kubwa. Wapo mpaka leo, na wana shahada.

Lakini kisa cha Quito ni cha kweli na kinatisha. Februari 1949 Radio Quito ya Ecuador ilirusha mchezo huo kwa Kihispania. Watu walipojua wamechezewa walikwenda kukichoma kituo, ambacho kilikuwa jengo moja na gazeti la El Comercio, na watu wakafia humo. Kwa hivyo barazani kwenu tangazeni mapema kuwa ni mchezo!

Kuhusu siasa: siku tatu tu baada ya matangazo, tarehe 2 Novemba 1938, mwandishi Dorothy Thompson alilisema lile unalolisema wewe. Thompson alikuwa amefukuzwa Ujerumani mwaka 1934 kwa kumwandika Hitler, hakuwa mtu wa kutishwa na hadithi za Mirihi. Kwake Welles alikuwa ameonyesha hadharani jinsi sauti chache zenye ustadi zinavyoweza kuwaaminisha watu jambo lisilo na akili. Basi ukiulizwa siasa iko wapi, mtaje huyo mama.

Na usisahau mwezi uliotangulia. Septemba 1938 ndiyo ilikuwa ile heka heka ya Munich, Hitler akiidai sehemu ya Czechoslovakia na Ulaya ikinusa vita, redio za Marekani zilikatiza vipindi kila mara kuleta habari za Ulaya. Masikio yalikuwa yameshazoeshwa kuwa muziki ukikatika kuna jambo. Welles hakuuvumbua ule mlango, aliukuta wazi akapita.

---

Chuda_Boy

Watu wa Mirihi wakitua Tanga watapewa kiti, chai na muhogo wa kukaanga, wataulizwa kwao ni wapi hasa na wanamjua nani. Uvamizi utaishia hapo.

---

FundiMitambo52

Binti, nimekusoma mara mbili. Mimi nilikuwa mtu wa mitambo na baadaye wa milio ya michezo ya redio, miaka mingi, studio niliyokuwa nikifanyia kazi haina haja ya kutajwa. Nijibu la ukimya kwanza maana hilo ndilo langu.

Ukimya kwenye redio ni kitu cha hatari. Sisi tukiwa zamu, hewani pakiwa kimya sekunde tatu tu mkono unaenda wenyewe kwenye sahani ya muziki. Bosi atapiga simu kabla hujafika. Ndiyo maana ule wa Welles ulitisha. Msikilizaji wa siku zile alikuwa anajua, hata kama hajui kwamba anajua, kuwa kituo cha redio hakinyamazi. Kikinyamaza kimekufa.

Leo simu inanyamaza mara hamsini kwa siku. Kwa hiyo usimpe msikilizaji kimya, mpe kitu kilichokuwapo kikaondoka. Chukua mlio mmoja wa kijinga usiosikilizwa na mtu. Jenereta la jirani. Nyenje. Uweke tangu mwanzo wa tukio la shambani, chini kabisa, dakika mbili nzima, masikio yazoee mpaka yausahau. Halafu Phillips anapokatika, sauti za watu zikatike lakini jenereta LIBAKI. Hesabu moja, mbili, tatu. Hapo baba yako hatagonga simu, maana anasikia kuwa mambo bado yapo. Kisha jenereta nalo likatike. Sasa ndiyo kimya. Nakuhakikishia kuna mtu atageuka kutazama nyuma.

Wanasimulia kuwa mlio wa kifuniko cha lile pipa waliupata kwa kufungua chupa ya kioo ndani ya choo cha studio, kwa ajili ya mwangwi. Mimi nasadiki kabisa, choo ndiyo chumba bora cha studio yoyote. Tulipotaka pango tulikwenda chooni. Tulipotaka kwato za punda tulichukua vifuu viwili tukagonga kwenye sanduku lenye mchanga, na radi ni bati tu unalitikisa. Frank Readick, aliyekuwa Phillips, inajulikana kuwa alijifunza ile sauti ya kupaliwa kwa kusikiliza rekodi ya mtangazaji Herbert Morrison akiliona lile puto kubwa la abiria, Hindenburg, linaungua, Mei 1937. Kijana wako atakayecheza Phillips mtafutie naye cha kusikiliza. Asiigize woga. Aigize mtu anayejaribu kufanya kazi yake vizuri.

Sasa la Waziri. Baba yako ana masikio mazuri kuliko wakosoaji wengi. Aliyecheza ile sauti, Kenneth Delmar, alikuwa hodari wa kumwiga Roosevelt. Wakubwa wa CBS walikuwa wanabana majina na vyeo vya kweli, kwa hiyo cheo ni cha Waziri na koo ni la Rais. Wamarekani walikuwa wameshazoea kumsikia Roosevelt redioni tangu 1933, anaongea nao taratibu kama yuko sebuleni kwao. Cheo hakikuwa na haja ya kutajwa. Walishausikia mwendo wake.

Sisi nasi tuna mwendo wetu. Novemba 1978, Mwalimu alipozungumza kuhusu Amin, ile ya nia, sababu na uwezo, mimi nilikuwa kijana wa kubeba nyaya. Na Oktoba 14, 1999, asubuhi, Mkapa alipotangaza kifo cha Mwalimu. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza watu walikuwa wameshajua, kwa pumzi tu. Hana haraka, anavyosema baba yako. Mkubwa wa kweli hana haraka, na tapeli aliyejifunza vizuri hana haraka vilevile. Hapo ndipo ulipo mchezo wako.

Ila nakuonya kitu kimoja kuhusu hoja yako. Ushawishi wa mchezo wa redio si lazima upitie kwa mkubwa. Mnakumbuka Twende na Wakati? Ulianza Julai 1993 Radio Tanzania. Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995, makusudi, watafiti walitaka kulinganisha waliosikiliza na wasiosikiliza. Ilikuwa ni mchezo wa kushawishi watu kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi, serikali ilikuwa nyuma yake, na bado hakuna Waziri aliyeingia katikati kuhutubia. Alikuwapo Mkwaju, dereva wa lori, na wanawake wake wa njiani, na mkewe Tunu anayeteseka nyumbani. Mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Watafiti walikuta tofauti kwa waliosikiliza, katika uzazi wa mpango hasa. Hakuna aliyekatiza muziki kumtangaza Mkwaju. Aliingia sebuleni kama mgeni akakaa.

---

BintiKorona

Shikamoo mzee. Hiyo ya jenereta nimeiandika ukutani kwa chaki. Mwalimu, Dorothy Thompson namtia ukurasa wa kwanza, asante sana. Chuda_Boy, wewe na muhogo wako njoo Jumamosi.

Mzee, hapo kwa Mkwaju umenitikisa. Nilikuwa nimejenga nyumba yangu yote juu ya sauti ya mkubwa.

---

FundiMitambo52

Marahaba binti. Nyumba usiibomoe. Ongeza mlango.

---

Nyirarugo_Gisenyi

Nawasalimia kutoka upande wa ziwa Kivu. Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie.

Mzee ametaja Julai 1993. Mwezi ule ule, huku kwetu Rwanda, redio RTLM, ile iliyochochea mauaji ya kimbari, ilianza kusikika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sitaandika mengi.

Dada, unasema mwenye sauti ya serikali ndiye anaaminiwa, na yule wa kichochoroni anaachwa. Kwetu ilikuwa kinyume. Sauti ya serikali tulikuwa nayo, Radio Rwanda, taratibu, maneno makubwa. RTLM haikuongea hivyo. Iliweka muziki mzuri, nyimbo za Zaire ambazo vijana walizipenda. Watangazaji walicheka, walitaniana, waliongea kama watu wako kwenye baa. Kaka zangu waliifungulia kwa sababu ya muziki. Kufika Aprili 1994 ile sauti ilikuwa tayari ni rafiki wa nyumbani. Rafiki ndiye alitaja majina.

Yule bwana wako wa Newark anaongea namna gani? "Wewe na mimi na wachache wetu." Hiyo si hotuba. Hiyo ni sauti ya baa. Profesa aliondoka kwa sababu alikuwa peke yake na akili yake, na yule bwana alikuwa hana muziki.

Nyingine. Tangu 2004 tuna mchezo wa redio unaitwa Musekeweya, ni vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, wanagombana, wanaumizana, wanatafuta njia. Ulitengenezwa na shirika la Radio La Benevolencija. Mtafiti mmoja, Elizabeth Levy Paluck, alichapisha mwaka 2009 matokeo ya watu waliousikiliza kwa vikundi mwaka mzima, na wengine waliosikiliza mchezo tofauti, wa afya. Alichokuta kinanifaa mpaka leo: mioyoni mwao watu hawakubadilika sana wanachoamini. Walibadilika wanachoona kuwa wenzao wanakubali. Mwishoni vikundi vilipewa redio na kaseti, waamue nani atunze. Waliokuwa wakisikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi na kutaka vitunzwe kwa pamoja, si kumwachia kiongozi tu.

Kwa hiyo nyinyi tisa kwenye baraza, mnaposikiliza pamoja, jiangalieni nyuso. Mtu hamtazami mtangazaji. Anamtazama jirani kuona kama naye ameamini.

---

Mwl_Kisauni

Dada wa Gisenyi, nimesoma nikanyamaza. Asante kwa kuandika.

---

BintiKorona

Wakuu, narudi na mrejesho, Jumamosi imepita.

Uhakiki niliuandika upya wote Alhamisi usiku baada ya kumsoma dada wa Gisenyi. Ile nusu ya kwanza niliyokuwa nimeikalia wiki mbili nikaipunguza ikawa aya tatu. Nilisema wazi kasoro zake pia: hesabu ya muda haikubaliki kabisa, jeshi zima linakusanywa, linapigana na kuisha katika muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, na ukishaliona hilo huwezi tena kuogopa. Nusu ya pili ni ndefu, mtu mmoja anaongea peke yake, Welles anajisikia mwenyewe anavyoongea vizuri. Wawili kati yetu walisinzia na siwalaumu. Kilichobaki chote kilikuwa juu ya Waziri na yule bwana wa Newark. Niliandika kuwa Pierson alipona kwa bahati, kwa sababu siku ile yule bwana alikuwa bado hajapata redio.

Wakakubali kuwa ni mchezo wa siasa. Mmoja alikataa, yule yule aliyecheka. Huyo hata nikimletea Welles mwenyewe atakataa.

Jenereta lilifanya kazi! Lilipokatika, mama mwenye nyumba alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza umeme umekatika?

Sasa nawasimulia la mwisho. Katika kile kipande cha Kiswahili, Waziri nilimwacha redioni, akasoma mzee mmoja wa msikitini kwetu mwenye sauti ya kutulia. Yule wa Newark nikamtoa kichochoroni nikamfanya ujumbe wa sauti, vois ya kusambazwa. Akacheza mpwa wangu anayeuza vocha stendi, na tulimrekodi pale pale stendi, bodaboda zinapita nyuma yake. Nilimpa mambo matatu ya kusema, maneno akatafuta mwenyewe: "Ndugu yangu, hii nakutumia wewe tu, usinitaje. Wakubwa wamekwisha, wale waliokuwa wanatuambia tulieni wako wapi? Sisi tunaojua kukaa na njaa ndiyo tutabaki. Kuna watu watatupunguzia mwendo, wewe mwenyewe unawajua pale mtaani kwenu. Fikiria, halafu nijibu." Sekunde arobaini na mbili.

Jumapili asubuhi nilimchezea baba vyote viwili. Nilimwambia kabisa, baba, hivi tumetunga sisi, ni mchezo, huyu wa pili ni mjukuu wako. Waziri alimsikiliza akiwa amenyoosha mgongo, akasema vizuri, anaongea vizuri. Ya mjukuu wake akaomba nirudie. Nikarudia. Akashika simu karibu na sikio lake zima, la kushoto, akaisikiliza mara ya tatu akiwa ametazama nje.

"Lakini anayosema ni kweli," akasema.

Nikamkumbusha kuwa ni mchezo.

"Najua ni mchezo. Nitumie, nimrushie baba yako mdogo Korogwe."